Waranti Ni Mimi

Ukitaka kumuudhi Mzee wa Waranti, mwambie kwamba yeye anauza kamera. Atakutazama kwa huruma, akusogezee kiti, akuambie ukae kwanza. "Kamera inauzwa na kila mtu," atasema. "Hata kwa mkokoteni utazipata. Mimi nauza imani. Kamera ni ya wewe kubeba tu ukienda." Basi utakaa, na ukishakaa umekwisha. Sijawahi kumwona mtu aliyekikalia kile kiti akatoka mikono mitupu, na mimi nilikikalia mapema kuliko wengi.

Duka lake liko Kawangware, limebanwa kati ya kinyozi na mama wa chapati, kwa hiyo kila kamera iliyotoka pale ilikuwa na unywele ndani na harufu ya mafuta nje. Jina lake halisi liliandikwa kwenye leseni ukutani, lakini leseni ilifunikwa na kalenda, na kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka uliokwisha. Sisi wapiga picha wa Kibera na Kawangware tulimwita Mzee wa Waranti, naye alilipenda jina hilo kama mtu aliyelisomea. Mrefu, mwembamba, koti la kijivu jua liwake au mvua inyeshe, na mfukoni kalamu ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiandika.

Bidhaa zake alizigawa kwa madaraja, na hakuona aibu kuyaeleza. Kuna orijino iliyoingia kwa mlango, kuna orijino iliyoingia kwa dirisha, na kuna binamu wa orijino. Ya mlangoni ni ile inayouzwa mjini kwenye maduka yenye vioo na askari wa kukufungulia. Hiyo hakuwa nayo. Ya dirishani ni kamera ya kweli, ya kiwanda kabisa, ila ilitengenezewa nchi nyingine ikafika kwetu ndani ya sanduku la msafiri, imefungwa kwenye suruali. Binamu ni yule anayefanana na ndugu zake usoni, lakini ukimpa kazi unajua hawakulelewa nyumba moja. Sasa, akikuuzia binamu alikuambia ni ya dirishani, na akikuuzia ya dirishani alikuambia ni ya mlangoni. Kila mteja alipandishwa daraja moja bila kuomba, ndiyo maana siku ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Siku ya kwanza, nasema. Malalamiko yalikuja baadaye, na hapo ndipo ulipoanza kumjua.

"Waranti ni mimi," alikuwa akisema, akijigonga kifua. "Kampuni inaweza hama. Mimi utanipata hapa." Na kweli ulimpata. Wauzaji wengine wa vitu feki hukimbia, hubadilisha laini ya simu, huhamia mtaa mwingine wakafungua kanisa. Huyu alikuwepo daima. Alikukaribisha kwa jina, akamwita mama wa chapati alete chai, akaipokea kamera yako kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mgonjwa, akaisikiliza sikioni. Halafu yakaanza maswali.

Nakumbuka jamaa mmoja wa Gatwekera aliyekuwa akipiga picha za pasipoti nje ya ofisi ya chifu. Kamera yake ilikufa kabla hata kamba ya shingoni haijachakaa.

"Ulikuwa unaiwasha saa ngapi?" Mzee akamuuliza.

"Asubuhi, Mzee. Nazima jioni. Si ni kazi?"

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mzee akanitazama mimi, kana kwamba ananiita niwe shahidi. "Unasikia vile watu wanachosha vitu?"

Vumbi liliua waranti, na sijui ni nani anayeweza kupiga picha Kibera bila vumbi. Mvua iliua waranti. Harusi ziliua waranti, kwa sababu waranti ni ya matumizi ya kawaida, na mtu mwenye akili hawezi kusema harusi ni jambo la kawaida. Mchungaji mmoja wa Kisumu Ndogo alileta kamera ya video iliyoharibikia kwenye mkesha wa maombi, akaambiwa kwamba kelele nazo hutikisa vipuri vya ndani. Yule mchungaji alikuwa na sauti ya kuhubiria uwanja mzima, lakini siku hiyo aliondoka kimya.

Kwangu mimi alitumia stika. Kila kamera ya dukani kwake ilibandikwa stika ya fedha yenye maandishi: UKIBANDUA, WARANTI IMEKUFA. Yangu niliiona nimefika nyumbani kwangu Kianda, Kibera. Ilikuwa imebandikwa juu ya kifuniko cha betri. Nikapanda boda boda nikarudi.

"Mzee, sasa betri nitaichaji aje?"

"Betri imejaa."

"Na ikiisha?"

"Ikiisha, uje."

"Nitoke Kianda mpaka hapa nibanduliwe stika?"

"Si ndiyo nakuambia kila siku," akasema, na akajigonga kifua. "Waranti ni mimi."

Mimi ni mwepesi wa hasira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Lakini mbele ya mtu huyu hasira ilinitoka ikabaki kicheko, na kicheko ndicho kilichonirudisha pale kila mara. Nikaibandua stika mwenyewe njiani, nikijua nimeiua waranti ambayo haikuwahi kuzaliwa.

Pamoja na stika, ndani ya boksi kulikuwa na karatasi nene yenye maandishi ya Kichina, na muhuri mwekundu chini. "Kila kitu kimeandikwa hapo," alisema, na hakuna aliyeweza kumpinga. Hadi siku moja akaingia kijana Mchina wa kampuni iliyokuwa ikichimba barabara, anatafuta chaja. Kiswahili chake kilikuwa cha mawe na saruji, lakini kilitosha. Nikamsogezea ile karatasi nikamwomba atusomee. Akaisoma, akarudia, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Hii sufuria," akasema. "Sufuria ya umeme. Ya wali."

Hata kinyozi wa jirani alizima mashine. Mzee wa Waranti hakubadilika uso hata kidogo. Akaichukua karatasi, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Hata sufuria zao zina waranti. Sembuse kamera!"

Mara moja tu niliasi. Kamera yangu ilipoanza kukohoa kila nikibonyeza, niliipeleka mjini, kwenye duka la wakala mwenye haki ya kuuza kamera za kampuni ile. Msichana wa kaunta alikuwa na adabu za kukufanya ujione mchafu. Akaingiza nambari kwenye kompyuta, akaniambia kamera hii ilikusudiwa soko lingine na haikuingia nchini kupitia kwao.

"Lakini ni kamera yenu?" nikauliza.

"Ni yetu, madam. Lakini si yetu."

Nilimsimulia Mzee maneno hayo nikidhani yatamchoma. Aliyafurahia mno. Kwa miezi kadhaa aliwaambia wateja kwamba duka kubwa mjini limethibitisha: kamera zake ni zao.

Sasa nikueleze kichekesho chenyewe. Mtu huyu alikuwa mwoga wa vitu feki kuliko mtu yeyote ninayemjua. Noti ukimpa aliiinua juani, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha. Maziwa aliyanusa. Hindi la kuchoma hakulinunua mpaka alimenye maganda mwenyewe aone meno yote. Nilimkuta siku moja akigombana na fundi wa viatu kando ya barabara, anataka ahadi kwamba soli haitabanduka. "Nipe neno lako," alikuwa akimwambia, na fundi hakujua neno hilo liko wapi ampe. Kwa daktari wa meno aliuliza mara tatu kama ganzi ni ya kweli, halafu akakataa kung'olewa.

Na alikuwa na kamera moja ya mlangoni. Ilikaa kwenye droo ya chini, imefungwa kwa kitambaa cha meza, na haikuuzwa. Ukimletea kamera iliyokufa na una harusi kesho, alikupa pole na kikombe cha chai. Lakini ukimwambia una matanga, aliifungua ile droo, akaifungua kamera kama anayefungua mtoto mchanga, akakuazima bure. "Harusi watu hurudia," alisema. "Maiti hazikwi mara mbili." Niliibeba mara moja, kwenye mazishi ya jirani yangu. Picha zile ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nilichukia kuirudisha. Nilimuuliza mbona asiuze za namna hiyo. Akashangaa. "Kwa watu gani?" akaniuliza, na akaonyesha mlangoni, yaani sisi.

Kwa hiyo sikuwa kipofu. Nilimjua, nikamcheka, nikawasimulia wenzangu, nikaendelea kununua. Mpaka harusi ya Zaituni.

Zaituni ni binti wa nyumba ya Wanubi, Makina, hapo hapo Kibera. Mama yake, Mama Zaituni, ana nyumba za kupangisha na ulimi usio na mchezo. Harusi zao zina chumba cha wanawake ambamo wanaume hawaingii, na wanawake wakishaingia hufunua vichwa, huvaa gurbaba zao, vile vitambaa vya kujifunga vilivyotariziwa, hucheza wanavyotaka. Siku hizi, kwa sababu ya simu na watu wasio na haya wa mitandaoni, kuna kapu mlangoni. Kila mgeni hutia simu yake kapuni, na shangazi mmoja mnene hulikalia kapu hilo mpaka ngoma iishe. Mpiga picha ni mmoja, mwanamke, anayeaminika. Mimi ndiye niliyekuwa huyo. Vyumba vya wanawake ndivyo vilivyokuwa vinanilisha; wapiga picha wanaume wamejaa kila kona, lakini kwenye vyumba vile walikuwa wakiniita mimi.

Kwa harusi hiyo nilinunua kadi mpya ya kuhifadhia picha. "Hii peke yake inameza harusi tatu," Mzee wa Waranti alisema. "Usibebe nyingine, utachanganya."

Bibi yake Zaituni, habuba kama wanavyomwita, alikuwa hajasimama kwa muda mrefu. Walimbeba wakamketisha kwenye mto kando ya ukuta. Ngoma ya doluka ilipoanza kulia na wanawake wakaitikia, habuba akaweka mkono kwa mjukuu wake, akasimama. Akacheza. Si sana, mabega tu na kichwa, lakini chumba kizima kilipiga vigelegele, Mama Zaituni akalia, na mimi nilikuwa nimepiga goti mbele yao nikipiga picha moja baada ya nyingine. Niliiona kwenye kioo cha nyuma cha kamera: habuba anacheka bila meno, Zaituni amemshika kiuno, mikono yenye hina inang'aa. Nilijua nimepata picha ya maisha yangu.

Nyumbani nikafungua kompyuta. Wapishi walikuwepo, masufuria ya pilau yalikuwepo, viti vya plastiki vilikuwepo hata visivyokaliwa. Kuanzia kwenye chumba cha wanawake, kila picha ilikuwa na jina lake na ndani yake rangi ya kijivu tupu. Kadi iliyoandikwa kwamba ni pipa ilikuwa kikombe, na ilipojaa iliendelea kupokea na kumwaga. Nilikwenda kwa kila fundi wa kompyuta niliyesikia habari zake. Kabla sijamaliza kuzunguka, habuba akafariki.

Simu zote zilikuwa kapuni, unakumbuka. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na picha ile. Picha waliyonayo ya habuba ni ya kitambulisho, amekunja uso kama mshukiwa.

Mama Zaituni hakunitukana. Laiti angenitukana. Alinisikiliza nikieleza kwamba kadi ilikuwa na kasoro, akasema "Haya," akaingia ndani. Baada ya hapo, Makina nzima nikawa na jina: yule aliyempoteza habuba. Kapu liliendelea kuwekwa milangoni, na mpiga picha akawa mwingine, msichana mdogo anayepiga kila kitu kikiwa kimeinama upande. Nilikuwa nikisikia vigelegele vya harusi za watu nikiwa nje, napita na kiroba cha unga.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu kwa Mzee wa Waranti. Sikutaka kamera wala kurudishiwa chochote. Nilitaka aje Makina, akae mbele ya Mama Zaituni, aseme kwa mdomo wake kwamba kadi ilikuwa feki na yeye ndiye aliyeniuzia.

Siku ya kwanza nilipomwendea alisikiliza habari yote mpaka mwisho, na macho yakamlengalenga machozi, haki ya Mungu. Halafu akafungua kaunta akanipa kadi mpya, ya aina ileile.

"Waranti yangu inafanya kazi," akasema. "Shika."

"Mzee, na picha?"

"Waranti ni ya kadi. Vya ndani ni vyako. Ukivunjiwa chupa unapewa chupa. Maziwa unajitafutia."

Hiyo ndiyo mara pekee ninayojua aliheshimu waranti yake, na nilitamani kumrushia kadi hiyo usoni. Nikamwambia ninachotaka. Akatikisa kichwa taratibu.

"Nikisema hiyo moja ni feki, nimesema zote."

"Kwani si kweli?"

"Ukweli si kitu ya kuambia watu wengi mara moja, kastoma."

Lakini alikwenda msibani. Hakuna aliyemwalika. Alitoka Kawangware na koti lake, akapeleka sukari, akakaa mkekani na wanaume wa Makina, akainamisha kichwa wakati wa dua ingawa si dini yake, na watu wakaniambia alilia. Kuhusu kadi hakufungua mdomo. Nilipolisikia hilo nilimchukia kweli, kwa mara ya kwanza. Tapeli asiye na moyo unajua pa kumweka. Huyu sikujua nimweke wapi.

Niliacha kununua kwake, lakini sikuacha kwenda. Kila nilipopita Kawangware niliingia, nikauliza, "Tunaenda Makina lini?" Naye alijibu, "Chai kwanza." Ikawa kama salamu yetu.

Miaka ya karibuni macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alificha, kama alivyoficha kila kasoro dukani mle. Alitambua bidhaa kwa kupapasa na kunusa, na mambo yakaharibika kwa namna yake. Mtu mmoja aliuziwa boksi tupu. Aliporudi akaambiwa waranti haihusu boksi. Kuna wengine waliouziwa vitu vizuri kwa bahati mbaya, na kwa muda mfupi duka likapata sifa.

Halafu asubuhi moja boda boda ikasimama mlangoni kwangu Kianda, na yeye akashuka akipapasa ukuta wa mabati. Hakuwahi kufika kwangu hata siku moja. Nilimpa stuli nikamngoja.

"Sasa, kastoma."

"Poa, Mzee. Umepotea ama?"

Kulikuwa na kliniki iliyokubali kumfanyia upasuaji wa jicho moja kwanza, kumtoa ile lenzi iliyozeeka na kumwekea mpya. Lakini walitaka aje na mtu wa kumshika mkono, kwa sababu atatoka jicho limefungwa na lingine halioni. Watoto wake wako mbali na hawamjibu simu. Kinyozi amekataa, mama wa chapati amekataa. Wote wawili walikuwa na simu walizouziwa na yeye.

"Na mimi ulidhani nitakubali kwa nini?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye umekuwa ukija."

Nikamwambia bei yangu anaijua. Akapapasa vifungo vya koti. "Wacha nione kwanza," akasema. "Siwezi omba msamaha mtu simwoni." Nilijua akishaona tu atanipeleka kwenye chai kwanza, lakini nikaenda kumchukulia maji ya kunywa, nikavaa viatu.

Kule kliniki aliniaibisha mpaka nikatamani kuhama kiti. Alimwambia muuguzi alete boksi la lenzi kabla halijafunguliwa. Akaomba apapase plastiki yake. Akauliza imetoka nchi gani na imeingia kwa njia gani. "Imeingia kwa mlango?" alisisitiza, na yule muuguzi, msichana mvumilivu, akamjibu kwamba ndiyo, baba, imeingia kwa mlango, mimi mwenyewe niliufungua. Akauliza ikiharibika nani atakuja. Akamwambia amsomee nambari, halafu amsomee tena, kuona kama zitafanana. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso. Sijui nilikuwa nacheka au nalia, pengine yote mawili.

Alipotoka, jicho limefunikwa, wakampa kadi ndogo ngumu yenye stika ya lenzi yake: aina, nambari, na tarehe. Kila anayewekewa hupewa. Aliipapasa na vidole vyote kumi. "Hii sasa ndiyo waranti," akanong'ona. "Hii ndiyo waranti yenyewe." Nikaichukua mkononi mwake taratibu, nikaitia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu.

"Hii nitakaa nayo mimi," nikamwambia, "mpaka Makina."

Usiku huo alilala kwa mama wa chapati, aliyemhurumia mwishowe, na asubuhi tukarudi kliniki wakamtoa bandeji. Akakaa akipepesa. Akatazama dirisha, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi.

"Kumbe umezeeka," akasema.

Tukaenda Makina. Njiani alisimama kila mara, anasoma mabango kwa sauti, anashangaa jinsi mabati yalivyoshika kutu. Hakusema chai kwanza. Mama Zaituni alikuwa barazani anachambua mchele. Alituona, akaweka ungo chini, akaitikia salamu, akatuonyesha mkeka. Mzee wa Waranti akakaa, akavua kofia, akaishika mapajani.

"Mama," akasema, "ile kadi ya harusi ya Zaituni ilikuwa feki. Mimi ndiye nilimuuzia huyu. Na nilijua. Sikujua ni feki kiasi gani, lakini nilijua."

Miaka yote ile, na maneno yalikuwa mafupi hivyo. Nilimtazama Mama Zaituni nikingoja uso wake ubadilike, ageuke, aseme karibu, mwanangu.

"Mzee," akasema, "hiyo tuliijua hata kabla ya kuzika. Nani Kibera hii hajui unauza nini? Wewe hatukuwa na swali na wewe." Akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza. "Huyu ndiye tulikuwa tunamngoja. Kila siku nasema labda leo atakuja atuambie. Ulikuwa unamjua huyu mtu kuliko sisi. Ulikuwa unatuchekesha na habari zake hapa hapa, na karatasi yako ya sufuria. Sasa mamangu alipoinuka kucheza, picha yake uliitia kwenye kadi ya huyu kwa nini?"

Nilitafuta jibu. Niliinamia mkeka nikalitafuta, na nikasikia mchele ukirudi kwenye ungo, na vidole vyake vikianza tena kuchambua. Hakungoja sana. Alikuwa ameshangoja miaka.

Tukatoka. Tulitembea hadi pale njia inapopanuka. Yeye alivaa kofia yake, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Umesikia?" akasema. "Kila mtu anajua. Basi mimi sikumdanganya mtu."

Kisha akanyoosha mkono. Nikafungua zipu ya mkoba, nikampa kadi yake. Akaiinua juani, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, na kwa jicho lake jipya akaanza kuisoma nambari moja moja, ahakikishe sijambadilishia.